Binti Anayeumwa Kila Mwezi

Mama mpenzi wa Chalinze, binti yako akilazwa na maumivu kila mwezi, usiseme upesi, "Ni chango tu, akizaa litakwisha." Huenda ni endometriosisi. Mwaka 1927 daktari John Sampson wa Marekani alieleza kwamba damu ya mwezi yaweza kurudi nyuma kwa mirija ya uzazi, ikaacha tumboni vijinyama vya mji wa mimba. Wengi hupatwa na hayo bila dhara. Kwa wengine, na ukoo huchangia, vijinyama huota. Navyo hutoa damu kila mwezi, nayo haina pa kutokea! Huja uvimbe, kisha makovu yanayogandisha viungo, na pengine mtoto hapatikani. Si uchawi, wala si uhuni wa binti. Dawa haziung'oi kabisa, lakini huutuliza. Mpeleke hospitali ya Msoga, makovu yakingali machache.