Damu: usisubiri mlango wa leba (sehemu ya 6)



Leo niseme lile tunaloliogopa. Wapo wajawazito ambao imani yao hairuhusu kuongezewa damu. Mashahidi wa Yehova ndio wanaojulikana zaidi, na msimamo huo wanao tangu 1945. Hospitali wanakuja, dawa wanameza, upasuaji wanakubali. Damu tu ndiyo hapana. Kwa hiyo tuache kuwaita wakaidi.

Ila jamani, neno hilo lisisemwe mara ya kwanza mlangoni mwa leba! Mama akitokwa damu nyingi baada ya kujifungua, anaweza kufa ndani ya saa chache. Nimeona ndugu wakibishana koridoni, mume hivi, mama mkwe vile, na mgonjwa mwenyewe hana tena nguvu ya kujibu.

Sema kliniki, hudhurio la kwanza. Tutapima wingi wa damu mapema, utameza fefo kila siku, na tutapanga ujifungulie hospitali yenye upasuaji, sio zahanati. Uamuzi useme wewe mwenyewe, tuuandike.

Kwa mtoto nasema tofauti: yeye hajachagua dini. Sheria ya Mtoto ya 2009 inatanguliza maslahi yake.

Na wewe usiye na kizuizi, umechangia lini? Damu haitengenezwi kiwandani. Mwanaume anaweza kila miezi 3, mwanamke kila miezi 4, ila sio akiwa mjamzito au ananyonyesha. Mwambie baba watoto leo.