Printa ya bei rahisi ndiyo inayokula pesa za kikundi chako



Leo siongelei mbegu wala viuatilifu. Naongelea printa. Najua utaniuliza, afisa ugani na printa wapi na wapi? Siku hizi vikundi na AMCOS nyingi zina ofisi, na ofisi inataka printa ya rangi kwa ajili ya lebo za asali, lebo za unga wa lishe, vyeti na taarifa za mkutano mkuu. Pesa ya kuinunua ni ya mwanachama aliyekatwa shilingi kwenye kila kilo ya mazao yake. Pesa hiyo ikiteketea kwenye wino, ni hasara ya shamba kama hasara nyingine yoyote.

Kwa hiyo nasema wazi: kiongozi anayechagua printa kwa kuangalia bei iliyobandikwa kwenye boksi anawatia hasara wanachama wake, hata kama risiti yake ni halali na nia yake ni njema.

Wewe mwenyewe hununui ng'ombe wa maziwa kwa kuuliza bei ya mnadani peke yake. Unauliza anakula nini, kiasi gani, na anatoa lita ngapi kwa siku. Printa nayo inakula. Chakula chake ni wino, na maziwa yake ni kurasa. Kwa nini ukifika dukani mjini unasahau swali ulilozaliwa nalo?

Printa inauzwa rahisi, wino unauzwa ghali

Printa ndogo za katriji zina bei ya chini kwa sababu faida ya kampuni inatoka kwenye wino utakaonunua baadaye. Mfano ni printa ndogo za HP DeskJet zinazotumia katriji namba 305. Kwa kipimo cha kampuni yenyewe, katriji nyeusi ya kawaida inatoa kurasa kama 120 na ya rangi kurasa kama 100. Kisha unanunua nyingine.

Upande wa pili kuna printa za tanki, zile unazojaza wino wa chupa. Epson L3250 inatumia chupa namba 103: chupa moja nyeusi inatoa kurasa kama 4,500, na chupa tatu za rangi kwa pamoja kurasa kama 7,500. Canon PIXMA G zinazotumia wino GI-490 zinatoa kurasa kama 6,000 nyeusi na 7,000 za rangi. HP nao wana Smart Tank za namna hiyo hiyo. Ugomvi wangu hauko na jina la kampuni, uko na katriji ndogo.

Tupige hesabu

Bei hutofautiana kati ya mji na mji, kwa hiyo hizi ni za mfano. Weka za dukani kwako.

Tuchukulie printa ya katriji ni shilingi 150,000 na katriji nyeusi ni 45,000. Gawanya 45,000 kwa kurasa 120, unapata shilingi 375 kwa ukurasa mmoja.

Tuchukulie printa ya tanki ni shilingi 500,000 na chupa nyeusi ni 30,000. Gawanya kwa kurasa 4,500, unapata kama shilingi 7 kwa ukurasa.

Printa ya tanki imekuzidi shilingi 350,000 siku ya kununua. Lakini kila ukurasa unaokoa shilingi 368. Ukifika ukurasa wa 952, tofauti yote imerudi. Kikundi cha wanachama 120, kila mmoja akipewa taarifa ya mwaka yenye kurasa 8, ni kurasa 960. Yaani mkutano mkuu mmoja tu umemaliza deni. Mkutano wa pili, yule aliyenunua "rahisi" anaendelea kulipa 375 kwa ukurasa, na mhazini anaandika "gharama za ofisi" bila mtu kuuliza.

Na wewe mwenye steshenari kijijini unayetoza shilingi 300 kwa ukurasa huku wino unakugharimu 375, unafanya kazi ya kujitolea bila kujua.

"Basi tununue leza ya rangi"

Nimeshasikia hoja hii pia. Leza ni nzuri: tona haikauki hata ukikaa miezi bila kuchapa, na maandishi yake hayachuruziki yakilowa maji. Lakini leza ya rangi inataka tona nne. HP Color Laser ndogo zinazotumia tona 117A, kwa mfano, zinatoa kurasa kama 1,000 nyeusi na 700 kwa kila rangi. Ulizia bei ya tona zote nne kabla hujalipia mashine. Tena leza inapochapa inakula wati mamia, na inveta ndogo ya sola itazima. Printa ya tanki inachapa kwa chini ya wati 20. Ofisi inayotegemea sola haina la kujadili hapo.

Kama kazi zenu nyingi ni barua, mihtasari na fomu, hamhitaji rangi kabisa. Leza nyeusi inatosha, mradi umeme wenu unaimudu. Muhtasari wa kikao wenye kichwa cha rangi ya kijani hauongezi hata debe moja la mavuno.

"Hatuna mtaji wa printa ya tanki"

Kama hamna, msinunue printa yoyote. Hesabuni kurasa mlizochapa mwaka jana. Kama ni mia mbili au tatu, pelekeni kazi steshenari na pesa ibaki kwenye mfuko wa kikundi. Kununua printa ya katriji kwa sababu pesa haitoshi ni kukopa kwa riba ambayo hujaambiwa.

Na kama mnachapa msimu hadi msimu tu, msinunue hata ya tanki. Wino wake hukauka na kuziba matundu ya kichwa cha kuchapia. Printa hii inataka ukurasa mmoja wa rangi kila wiki. Kila ukiisafisha kichwa inamwaga wino, na wino huo unanyonywa na sifongo ya ndani. Sifongo ikijaa, printa inagoma mpaka fundi aishughulikie.

Kabla mhazini hajatoa pesa

Mwanachama, simama kwenye kikao udai majibu haya:

1. Tunachapa kurasa ngapi kwa mwaka, na ngapi kati yake lazima ziwe za rangi?
2. Wino wa printa hii unaitwa namba gani, unatoa kurasa ngapi, na ukurasa mmoja unagharimu shilingi ngapi?
3. Wino halisi unapatikana mji wa karibu, au mpaka mtu apande basi? Wino wa kubahatisha unaweza kuziba mashine nzima.
4. Nani ataichapisha ukurasa kila wiki, na fundi yuko wapi?
5. Lebo zetu zitalowa? Wino wa Epson namba 103 huchuruzika ukilowa. Kwa chupa za asali na maziwa, jaribuni lebo moja kwa maji kwanza, au muifunike kwa plastiki.

Kumbuka pia kwamba kurasa zinazotajwa na kampuni hupimwa kwa maandishi na picha kidogo. Lebo iliyojaa rangi hula wino mwingi zaidi. Chapa lebo hamsini, angalia tanki limeshuka kiasi gani, ndipo upange bei ya bidhaa yako.

Wafadhili na nyie mnaogawa vifaa, hili linawahusu. Printa ya msaada inayokula katriji mnakabidhi mkipigwa picha, halafu mzigo wa wino unabaki kijijini. Kikundi kina haki ya kusema asante, tuleteeni ya tanki.

Chukua kalamu leo, gawanya bei ya wino wenu kwa kurasa zake. Ikizidi kile mnachotozwa steshenari, peleka hesabu hiyo kwenye kikao kijacho.

Kazi njema, na mavuno mema.