Barafu yaweza kupotosha majibu ya damu

IMEZOELEKA kuaminiwa kuwa sampuli ya damu ikiwekwa kwenye barafu huwa salama hadi ifike maabara. Kwa baadhi ya vipimo ni kweli. Kwa vipimo vya kuganda kwa damu, imani hiyo yaweza kumpa mtu maradhi asiyokuwa nayo.

Mfano ni ugonjwa wa von Willebrand, ulioelezwa mwaka 1926 na daktari wa Finland, Erik von Willebrand. Mgonjwa hupungukiwa protini inayosaidia chembe sahani kunata penye jeraha, hivyo hutokwa damu kwa muda mrefu. Lakini damu ikipoozwa kabla ya kutenganishwa, protini hiyo hiyo huweza kupungua ndani ya chupa. Majibu yakitoka chini, mtu mwenye afya huandikiwa ugonjwa wa kurithi.

Ndiyo maana miongozo ya maabara huagiza damu hiyo isafirishwe katika joto la kawaida la chumba, na kwa vipimo vingi ipimwe ndani ya saa 4. Kipimo kikichelewa, kinachogandishwa ni plazima, yaani majimaji yaliyotenganishwa na chembe za damu, si damu nzima.

Hapo ndipo ilipo hatari kwa hospitali zinazotuma sampuli mbali. Mashine ya kisasa haiwezi kurejesha kilichopotea njiani. Kabla ya kununua nyingine, ni busara kuhakikisha kwamba aliyechukua damu ameandika saa, na anayeisafirisha anajua ipi haistahili barafu.