KUKU MGENI NA KAMBA YAKE

Wazee walisema, "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni." Methali hii hutumiwa zaidi kwa wanadamu, lakini asili yake ni uani. Kuku aliyetoka kwingine alifungwa kamba siku chache ili asitoroke, mpaka apajue mahali pake papya. Shauri letu katika karatasi hii ni kwamba kamba hiyo haitoshi tena kuwa ya siku chache. Yapasa iwe ya siku 28, wala si kwa sababu kuku mgeni atatoroka, bali kwa ajili ya usalama wa wenyeji atakaowakuta.

Desturi iliyoenea sasa ni nyingine. Mtu huenda gulioni, hununua mitetea wawili walionona, huwafunga miguu na kuwaning'iniza katika baiskeli, na jioni ile ile huwafungua katikati ya kuku wake. Asubuhi akiwaona wanakula pamoja hufurahi, akidhani kazi imekwisha. Walakini huo ndio mwanzo wa hatari, maana maradhi mengi ya kuku hayaonekani siku ya kununua.

Chukueni mfano wa mdondo, ambao wengine huuita kideri. Maradhi haya yalitambuliwa mwaka wa 1926 katika kisiwa cha Java na katika mji wa Newcastle nchini Uingereza, na mwaka wa 1935 yaliripotiwa Kenya. Tangu siku hizo yamewafilisi wafugaji wengi wa Afrika Mashariki. Kuku aliyeambukizwa huanza kuumwa baada ya siku 2 hata 15, na mara nyingi ni siku ya 5 au ya 6. Kabla ya hapo hula, hunywa, na macho yake hung'aa. Kisha huzubaa, huharisha kinyesi cha kijani, hukoroma, na pengine shingo yake hupinda. Katika kundi lisilochanjwa maradhi haya yaweza kuua karibu kuku wote kwa muda wa siku chache, wala hakuna dawa ya kumponya kuku akiisha kuugua. Tena wako kuku waliopona homa ya matumbo ya kuku au mafua ya kuku, nao huonekana wazima kabisa, huku wakibeba vijidudu vya maradhi hayo na kuwapa wenzao.

Hapa yafaa tuseme neno kali kidogo. Iko tabia ya kukimbilia gulioni na kuku wote mara mtu asikiapo kuwa kuku wa jirani wameanza kufa. Mwenye kuku hudhani ameokoa fedha zake. Kwa kweli amechukua maradhi ya kijiji kimoja na kuyagawa katika vijiji kumi. Basi mnunuzi akiona kuku wengi wanauzwa kwa bei ndogo isiyo ya kawaida, asidhani ni bahati. Na muuzaji akumbuke kwamba yeye naye hununua kuku katika gulio lile lile.

Wako watakaosema kwamba kuwatenga kuku wageni siku 28 ni gharama. Na tuhesabu. Kuku mkubwa hula kama gramu 120 kwa siku. Kuku wawili kwa siku 28 watakula kama kilo 7, na chakula hicho wangekula hata kama wangekuwa na wenzao. Gharama iliyozidi ni tenga moja, kibakuli kimoja cha maji, na dakika chache za kazi kila siku. Sasa weka upande wa pili nyumba yenye mitetea 12. Mayai ya mitetea hao hununua chumvi, mafuta ya taa na daftari za shule, na kuku mmoja huchinjwa afikapo mgeni wa heshima. Wote wakifa katika juma moja, nyumba hiyo itahitaji miezi mingi kupata kundi jingine kama lile. Kwa hiyo kuku wa bei rahisi aliyeingizwa ovyo aweza kuwa ghali kuliko kundi zima.

Mambo ya kufanya ni haya:

1. Mgeni akaguliwe kabla ya kununuliwa. Tazama macho, tundu za pua, upanga na ndevu zake. Inua mbawa na manyoya ya karibu na mkia utafute chawa na utitiri. Tazama miguu kama magamba yameinuka kwa ukurutu. Kuku mwenye makamasi, kuhara au vipele vya ndui asinunuliwe hata akiuzwa kwa nusu ya bei.

2. Awekwe katika tenga au kizimba chake, mbali na banda la wenyeji kadiri uwanja unavyoruhusu, wala maji ya mvua yasitiririke kutoka kwake kwenda kwa wenzake. Awe na chombo chake cha chakula na cha maji.

3. Kila siku wahudumiwe kwanza wenyeji, kisha mgeni awe wa mwisho. Mwenye kumhudumia mgeni anawe mikono kwa sabuni na kusafisha viatu au miguu yake.

4. Katika juma la kwanza atibiwe chawa na utitiri kwa dawa ya unga, na minyoo kwa dawa yake, kwa kipimo atakachoeleza Bwana Mifugo.

5. Juma la kwanza likiisha naye ni mzima, achanjwe mdondo. Chanjo iitwayo I-2 ni tone 1 tu katika jicho moja, nayo hurudiwa kila miezi 4. Kinga yake huhitaji kama majuma 2 kupata nguvu, na hiyo ni sababu mojawapo ya kusubiri siku 28. Wenyeji nao wachanjwe pia.

6. Mgeni akifa katika siku hizo, asitupwe jalalani wala asiliwe. Achomwe moto au afukiwe shimo refu ambalo mbwa hawawezi kulifukua, na Bwana Mifugo apewe habari.

Siku 28 zikiisha, hatari ya maradhi imepungua sana, lakini ugomvi bado. Mtaalamu wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, alichapisha mwaka wa 1922 maelezo ya jambo ambalo kila mwenye kuku ameliona bila kulipa jina: kuku wana vyeo. Wa kwanza huwadonoa wote, wa pili huwadonoa wote isipokuwa wa kwanza, na hivyo hivyo hata wa mwisho, ambaye hudonolewa na kila mmoja. Mgeni akiingia, cheo chake hakijulikani, basi lazima kitafutwe kwa midomo na kucha. Ugomvi huo hauwezi kuondolewa kabisa, ila waweza kupunguzwa.

Kwanza, weka kizimba cha mgeni karibu na wenyeji kwa muda wa juma moja, ili waonane kwa kupitia fito au waya pasipo kudonoana. Pili, usiingize kuku mmoja peke yake ukiweza kuingiza wawili au zaidi, maana mmoja hubeba mapigo yote. Tatu, waingize usiku, uwaweke juu ya fito za kulalia pamoja na wenzao. Asubuhi waamke wote pamoja, ukafungue mlango mapema ili anayefukuzwa apate mahali pa kukimbilia. Nne, weka chakula na maji mahali pawili au patatu, kwa maana wakubwa hukaa juu ya chombo kimoja na kumnyima mgeni. Tano, vifaranga na matembe wadogo wasichanganywe na wakubwa mpaka wawakaribie kwa kimo. Na jogoo mpya wa mbegu asiletwe kabla ya kuamua jogoo wa zamani atakwenda wapi.

Kudonoana kwa siku chache kusikutishe. Lakini kuku akitoka damu mwondoe upesi, kwa kuwa damu huwavuta wenzake wote, nao waweza kumdonoa hata afe.

Tumesikia majibu mawili ya kupinga shauri hili. La kwanza, kuku wa zawadi. Mkwe akileta kuku, kumfungia mbali si utovu wa adabu? Sivyo. Mpokee kwa mikono miwili na kwa shukrani, kisha umtunze katika tenga lake. Heshima ya mkwe haivunjiki kwa kuku wake kutengwa, bali uchungu huwa mwingi zaidi zawadi yake ikimaliza kuku wa nyumba.

Jibu la pili lina uzito zaidi. Watu husema, "Kuku wangu hushinda njiani pamoja na kuku wa majirani, nikimtenga mgeni wangu, nani atamtenga mgeni wa jirani?" Neno hili ni kweli, wala hatulikatai. Kuku wa uani hawajui mipaka. Ndiyo sababu kutenga peke yake si ngao kamili, na ndiyo sababu twaona kwamba jambo hili si la nyumba moja. Kichupa kimoja cha chanjo hutosha kuku wengi kuliko wa mtu mmoja. Majirani wakichanga na kuchanja siku moja, mara 3 kwa mwaka, na wakipatana kwamba hakuna atakayemfungua kuku mgeni kabla ya siku 28, kila mmoja atakuwa amelinda banda lake na la mwenzake.

Husemwa pia, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kuku mgeni huleta damu mpya na mayai zaidi, nasi hatuwakatazi watu kununua kuku. Ila mgeni wa namna hii humponya mwenyeji baada ya siku zake za kamba kutimia. Basi anayekwenda gulioni juma hili na asuke tenga lake kabla ya kuondoka nyumbani.