Posho ya Mkimbiaji

Alfajiri ya Jumapili, adhana ikiwa imekwisha na malori ya ndizi na viazi yaliyotoka mikoa ya juu yangali yakishusha shehena pembeni mwa soko la Kariakoo, hupita katika Mtaa wa Msimbazi makundi mawili ya watu ambao miili yao inakwenda kudaiwa kazi kubwa. La kwanza ni la mahamali, vijana wa magunia na mikokoteni. La pili ni la mabwana na mabibi wa klabu za jogging, waliovaa fulana za rangi moja, wakielekea Mnazi Mmoja kuanza mbio zao. Wa kwanza aghalabu wamekwisha kula. Wa pili, kwa sehemu kubwa, wametoka majumbani mwao na matumbo matupu, na wengi wao wanaona fahari kwa jambo hilo. Nami ninasema, kwa heshima yote niliyo nayo kwa jirani zangu hawa wa fulana, kwamba hamali amepatia na wao wamekosea.

Nimeketi mara nyingi katika benchi la mama lishe mmoja karibu na Mtaa wa Mkunguni nikamtazama msukuma mkokoteni akila. Huletewa bakuli la supu ya utumbo na chapati tatu; hukamua ndimu, hunyunyiza chumvi kwa ncha za vidole, hula bila ya kuzungumza na mtu, kisha hufuatisha kikombe kikubwa cha uji wa sukari. Asubuhi moja nilimwona, baada ya kunawa, akifunga vipande viwili vya muhogo wa kukaanga katika karatasi ya gazeti na kuvitia mfukoni. Nilipomwuliza kwa nini hamalizi palepale, alinijibu, "Mzee wangu, kutoka hapa mpaka Gerezani na magunia kumi, ukifika kati huna kitu tumboni, magoti yanakukana." Hakuwa amesoma kitabu chochote cha lishe. Elimu yake ameipata kwa mabega yake.

Wala elimu hiyo si ngeni katika ardhi hii. Zamani za misafara, mpagazi aliyetoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji na mzigo wa kiasi cha frasila mbili, yaani kilo thelathini na ushei, alistahiki posho: kibaba cha nafaka kila siku, karibu robo tatu ya kilo, nacho kilikuwa haki kama ujira wenyewe. Mkuu wa msafara aliyethubutu kuipunguza posho hiyo aliweza kuamka asubuhi akaikuta mizigo imelala na wapagazi hawapo. Jina la Kariakoo nalo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wachukuzi ambacho Waingereza, baada ya kuitwaa Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916, walikipigisha kambi mahali hapa. Katika vita vile wachukuzi walikufa kwa makumi ya maelfu, na waliouawa na risasi walikuwa wachache kuliko waliouawa na maradhi na chakula kibaya: unga wa mahindi uliosagwa vibaya, ukasongwa kwa haraka juu ya kuni mbichi, wakala watu ambao kwao waliilea miili yao kwa ndizi au kwa mchele, ukawashusha kwa kuhara damu. Mtaa uliopewa jina la watu wale ungepasa kuwa wa mwisho duniani kusahau kwamba mwili haufanyi kazi kwa amri tupu.

Hesabu yenyewe si ya siri. Mtu akimbiapo hutumia, kwa makadirio yaliyozoeleka, kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito wake katika kila kilomita. Basi mwenye kilo 65 akikimbia kilomita 20 atakuwa ameunguza kilokalori 1,300, ambazo ni zaidi ya nusu ya mahitaji ya siku nzima ya karani aketiye ofisini. Sukari ambayo mwili huihifadhi katika ini na misuli, waiitayo wataalamu glaikojeni, ni gramu 400 hadi 500 tu kwa mtu wa wastani, nishati ya kiasi cha kilokalori 2,000, na hii ndiyo sababu katika marathoni ya kilomita 42.195 wengi huanza kuishiwa wakifika kilomita ya 30. Mafuta yamo mwilini tele hata kwa mwembamba, walakini huwaka polepole na hayawezi peke yake kuutosheleza mwendo wa kasi. Fauka ya hayo, akiba ya ini huliwa usiku, mtu alalapo, kwa kuwa ubongo haulali pamoja naye. Hivyo aamkaye saa kumi na moja akaenda kukimbia bila hata kikombe cha uji huanza safari na ghala iliyokwisha kuchotwa.

Mimi mwenyewe nimeyaonja haya. Nilipokuwa nikijitayarisha kwa nusu marathoni, mwalimu wa kundi langu la wakati ule alitufundisha kwamba chakula kabla ya mbio ni uzito na kwamba njaa humkomaza mtu. Tulipokuwa tunarudi, karibu na Daraja la Selander, jasho langu liligeuka la baridi, midomo ikatetema, na taa za magari zikawa mbili mbili machoni mwangu. Nilikaa chini ukingoni mwa barabara, mtu mzima mwenye wajukuu, mpaka muuza juisi ya miwa aliyekuwa akisukuma kinu chake kwenda kazini akanipa bilauri mbili zenye tangawizi na ndimu, asinidai hata senti. Katika muda wa robo saa nilikuwa nimesimama. Tangu siku ile sikukubali tena kuambiwa kwamba njaa ni mazoezi.

Sisemi kwamba kila aendaye matembezi ya nusu saa lazima apakuliwe kwanza. Atafutaye kupunguza kitambi kwa mwendo wa pole hana dhara akitembea kabla ya chai. Maneno yangu ni kwa wale wanaokwenda saa moja na nusu, saa mbili, saa tatu, mara nne au tano kwa juma, na ambao wakirudi hunywa maji na kungoja chakula cha mchana kwa hofu ya mizani. Hao wanastahili kula mapema, kula njiani, na kula warudipo. Katika mbio zinazozidi saa moja, nasaha ya wataalamu ni gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa, na ndizi mbivu mbili za sokoni zinafika hapo. Tende chache zinafika pia. Maji ya madafu ni mazuri, ila chumvi yake ni haba, na jasho la Dar es Salaam ni la chumvi nyingi, hivyo muhogo wa yule hamali, na chumvi yake na pilipili, umeizidi hekima ya chupa nyingi zenye lebo za kigeni. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 juu ya wakimbiaji mahiri wa Kikalenjini nchini Kenya ulionyesha kuwa zaidi ya robo tatu ya nishati yao ilitoka katika wanga, ugali peke yake ukitoa karibu robo ya yote, na sukari karibu humusi. Vyakula hivyo vyote vimejaa tele sokoni petu.

Linaloniuma zaidi ni mabinti. Mke wangu aliniarifu habari za mmoja aliyesifiwa hadharani kwa jinsi alivyopungua, akapigiwa makofi, na hakuna aliyejua kwamba hedhi yake ilikuwa imekatika kwa miezi kadhaa. Hali hiyo ina jina tangu mwaka 2014, ambapo Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ilieleza upungufu wa nishati unaowapata wanamichezo, wanawake na wanaume pia: homoni hushuka, mifupa hupata nyufa ndogo, maradhi huja mara kwa mara, usingizi hupotea. Mwili usiolipwa hujilipa kwa kuvunja nyumba yake wenyewe. Makofi yale yalikuwa ya madhara, na waliopiga walikuwa watu wema.

Taifa nalo lina sehemu yake. Tunalisimulia kwa taadhima, na ni haki yetu, jina la John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 na goti lililofungwa bandeji, hata vijana wakadhani kwamba ustahimilivu ni kuumia tu. Lakini Septemba 15, 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu alimpita Mjerumani Amanal Petros kwa tofauti ya sekunde 0.03, wote wawili wakiandikiwa saa 2:09:48, akawa Mtanzania wa kwanza kuleta dhahabu ya ubingwa wa dunia wa riadha. Baada ya kilomita arobaini na mbili, katika joto, mtu hafyatuki namna ile kwa moyo peke yake. Moyo unahitaji kitu cha kuunguza. Kwa hiyo kambi za vijana wetu na zihesabiwe kwanza kwa magunia ya unga, maharage, mayai na maziwa, kabla ya fulana na bendera, na klabu za mitaani zitenge sehemu ya ada kwa ajili ya posho, kwa maana yake ile ya kale.

Kundi letu limeanza. Mama lishe yule wa Mkunguni huja Mnazi Mmoja na ndoo ya uji wa dona uliotiwa karanga na mikungu miwili ya ndizi, nasi humlipa kutoka katika ada. Jumapili ya kwanza watu saba walikunywa, wengine wakasimama kando wakijishika viuno. Jumapili iliyopita alilazimika kumtuma mwanawe arudi sokoni kufuata mkungu wa tatu.