Punda Hafi, Mzigo Ndio Upoteao

Waswahili husema: punda afe, mzigo ufike. Katika hosteli yetu hapa Kampala methali hii imepata wafuasi wapya. Ni wanafunzi wanaonunua kompyuta za mtumba zilizotoka maofisini, kisha wanazipandisha kasi kupita kipimo cha kiwandani. Prosesa ikiungua, wanasema, tutanunua nyingine kwa bei ndogo. Ninaipinga tabia hiyo, na ninaipinga nikiwa mmoja wa walioifanya.

Kwanza tuelewane. Kasi ya prosesa hupatikana kwa kuzidisha namba mbili: mapigo ya saa iliyo kwenye ubao mama, na kizidishio kilichomo ndani ya prosesa yenyewe. Prosesa yangu ni Intel Pentium E2160 ya mwaka 2007. Mapigo ya ubao ni megahezi 200, kizidishio ni 9, kwa hiyo kasi yake ni gigahezi 1.8. Kizidishio hicho kiwanda kimekifunga, hakipandi. Anayetaka kasi zaidi hana budi kuichochea saa ya ubao. Hapo ndipo tatizo linapoanza, kwa sababu saa hiyo haiongozi prosesa peke yake. Memori nayo huufuata mdundo huohuo.

Nilitumia programu ndogo kupandisha mapigo kutoka 200 hadi 240. Prosesa ikafika gigahezi 2.16, nami nikajisifu. Sikujali kwamba memori yangu, ambayo ni DDR2-667, ililazimishwa papo hapo kukimbia kama DDR2-800. Kompyuta iliwaka, ikapiga muziki, ikaonyesha filamu. Baada ya siku kadhaa mwenzangu wa chumbani, aliyekuwa akiitumia kuandika tasnifu yake, alikuta faili lake halifunguki. Nilipoendesha programu ya kupima memori, makosa yalijaa kwenye skrini. Nikarudisha mapigo 200, makosa yakatoweka. Sura mbili za tasnifu hazikurudi. Prosesa ni nzima hadi leo. Punda hakufa, mzigo ndio uliopotea, tena mzigo wa mtu mwingine.

Watetezi wa mchezo huu wana hoja moja wanayoipenda sana: Celeron 300A ya mwaka 1998. Prosesa hiyo ya bei nafuu iliuzwa kama ya megahezi 300, yaani 66 mara 4.5, na watu wengi waliiendesha kwa 450 bila taabu. Ni kweli, wala sibishi. Lakini usione vyaelea, vimeundwa. Ubao wenye chipseti ya 440BX uliundwa tangu mwanzo kufanya kazi kwa mapigo 100, na memori ya PC100 vilevile. Kilichovuka ahadi ya kiwanda ni prosesa peke yake. Vingine vilibaki ndani ya kipimo chao. Ubao wa kompyuta ya ofisi hauna nafasi hiyo. Mara nyingi hata BIOS yake haikuruhusu kugusa mapigo wala volti.

Wengine watasema: ongeza volti, itatulia. Basi tupige hesabu. Umeme unaoliwa na prosesa hupanda sambamba na mapigo, lakini kwa upande wa volti hupanda kwa mraba wake. Ongeza mapigo kwa asilimia 20 na volti kwa asilimia 10, na joto litaongezeka kwa asilimia 45 hivi. Nani ataliondoa joto hilo? Feni iliyojaa vumbi? Pesti iliyokaukia juu ya prosesa tangu kompyuta ilipokuwa ofisini?

Na faida yenyewe ni ipi? Mwanafunzi anayeandika insha mara nyingi haisubiri prosesa, anaisubiri diski. Badilisha diski ngumu ya zamani kwa SSD, ongeza memori, safisha feni, paka pesti mpya. Nilifanya hivyo baadaye, na kompyuta ileile, kwa gigahezi zake 1.8, inafunguka upesi kuliko ilivyofunguka siku nilipoipiga mjeledi.

Simkatazi mtu kuichezea kompyuta yake ili ajifunze. Mimi mwenyewe nilijifunza mengi. Ila asimkaribishe mwenzake kuandikia juu ya majaribio hayo bila kumwambia, na kabla ya hapo aipime memori usiku kucha, maana kompyuta kuwaka si ushahidi kwamba inahesabu sawasawa. Mwenzangu aliziandika upya sura zile kwa wiki tatu. Alipomweleza msimamizi wake kwamba faili limeharibika, aliambiwa kuwa hicho ni kisingizio cha kila mwaka. Hakikuwa kisingizio. Kosa lilikuwa langu, na ndiyo maana nimeandika.