Michezo ya Karamu ya Mtoto Isikodiwe

Imekuwa desturi katika miji yetu, tangu Mombasa mpaka Dar es Salaam, na hata katika miji midogo ambayo zamani haikuwa na habari ya mambo haya, kwamba mzazi akikusudia kuadhimisha siku ya kuzaliwa kwa mwanawe, wa kwanza kumfikiri si mtoto wala hirimu zake watakaoalikwa, bali ni mpambaji: apatikane wapi, atatoza kiasi gani, na maputo yake yatakuwa ya rangi zipi. Hukodiwa jumba la upepo la kurukia, hukodiwa viti na vitambaa vyake, huitwa mpiga picha na mshereheshaji mwenye kipaza sauti, na keki huagizwa kwa sura ya shujaa wa katuni ambaye mtoto humwona katika televisheni. Karamu hupewa maudhui yake, ikawa ya bahari, au ya msitu, au ya anga na nyota zake. Walakini maudhui hayo aghalabu hukomea katika rangi ya kitambaa cha meza na umbo la keki, na watoto wenyewe, ambao kwa ajili yao gharama yote ile imeingiwa, hubaki wakipanga foleni kungojea zamu ya kuruka, au wakizuiwa wasichafue nguo mpaka picha zimalizike.

Rai yangu ni kuwa maudhui ya karamu ya mtoto mahali pake ni katika michezo. Na michezo hiyo itengenezwe nyumbani, kwa vitu vilivyomo nyumbani, na mtoto mwenyewe awe miongoni mwa mafundi wake. Silisemi hili kwa kumtetea mnyonge peke yake, ijapokuwa mnyonge anastahili kutetewa, kwa sababu najua wapo wazazi ambao hukopa ili wasionekane wamepungukiwa mbele ya wazazi wenzao wa shuleni. Nalisema kwa ajili ya tajiri pia, maana mchezo uliokodiwa hufika umekwisha kufikiriwa na mtu mwingine, na mtoto hana kazi nao ila kuutumia. Lakini ule alioukata kwa mkasi wake, akaugundisha kwa uji wa ngano, akaupa jina na kuuwekea sharti zake, huo ni milki yake, na wageni wake wanapoucheza huwa wameingia katika akili yake.

Wala jambo hili si la kigeni kwa wale ambao kutoka kwao tulichukua desturi hii. Karamu za watoto za siku ya kuzaliwa, zenye keki na mishumaa, zilijulikana Ujerumani tangu karne ya 18. Na katika nchi hiyo mpaka leo haikosekani karamu ya mtoto iliyo na mchezo mmoja mwepesi mno, ambao wote unahitaji sufuria, mwiko na kitambaa. Mtoto hufungwa macho, akapewa mwiko, akatambaa sakafuni akipigapiga huku na huku, ilhali wenzake wanampigia kelele ya kuwa sasa kuna baridi, sasa kuna joto, sasa waungua. Na mwiko ukigonga sufuria iliyofudikizwa, hufunua akakuta peremende chini yake. Na wimbo ule wa siku ya kuzaliwa unaoimbwa dunia nzima, mahadhi yake yalitungwa na Mildred Hill wa Kentucky, Marekani, akishirikiana na nduguye Patty, yakachapishwa mwaka 1893 katika kitabu cha nyimbo za watoto wadogo, yakiwa bado ni ya wimbo wa kuamkiana asubuhi darasani. Patty Hill huyu alikuwa mwalimu wa chekechea, naye akaja kujulikana pia kwa kuwatengenezea watoto matofali makubwa ya mbao, ili wajenge kwa mikono yao nyumba ambazo waweza kuingia ndani yake na kucheza. Huona ni vema kulikumbuka jambo hili kila nisikiapo wimbo ule ukivuma kutoka katika vipaza sauti vya kukodi.

Basi natuchukue mfano mmoja, karamu ya bahari, kwa kuwa sisi watu wa pwani hatuna haja ya kuinunua bahari dukani. Nilipata kuyashuhudia maandalio yake Tanga, katika ua wa nyumba ya jirani ambaye binti yake alikuwa atimiza miaka saba. Jioni ya kuamkia karamu ulitandikwa mkeka, yakawekwa juu yake maboksi yaliyoombwa dukani, mikasi, kalamu za rangi na bakuli la uji wa ngano uliopikwa mzito kwa kugundishia, na watoto wakaanza kukata samaki: changu, tasi, kolekole, chewa, nguru, na pweza mmoja ambaye mikono yake ilizidi minane kwa sababu mkataji alikolewa na kazi. Kila samaki alibanwa kibanio cha chuma cha karatasi mdomoni. Ndoana ilikuwa ni ufito uliofungwa uzi, na mwisho wa uzi sumaku iliyong'olewa katika spika mbovu ya redio, ambayo fundi wa mtaani aliitoa bure aliposikia ni ya kazi gani. Kaka yake mwenye karamu, kijana wa miaka kama tisa, alikata papa mkubwa kuliko samaki wote, akashika kuwa kibanio cha papa hakiwekwi mdomoni bali mkiani, kwa maana papa hanaswi mdomo akakubali. Mama akataka kumrekebisha ili samaki wote walingane. Bibi yao aliyekuwa akipindia kanga kuukuu iwe pazia la bahari, akasema, "Mwache, mwanangu, papa ni wake." Papa akabaki na kibanio mkiani; na kesho yake, pazia lilipofungwa baina ya miembe miwili na wavuvi wakatupa ndoana upande wa pili wasikokuona, huyo papa aliyepanda kinyumenyume ndiye aliyetamaniwa na kila mvuvi, na wote wakalia arudishwe baharini ili avuliwe tena.

Jumla ya fedha iliyotoka katika mchezo ule ni bei ya uzi na vibanio. Lakini sitaki msomaji ashikilie urahisi peke yake, kwa maana urahisi bila ya fikira huzaa mchezo mkavu. Kilichouhuisha mchezo ule ni kuwa maudhui yaliingia ndani ya sharti zake: nyuma ya kila samaki paliandikwa jambo la kufanya, na jambo lenyewe lilifuata tabia ya samaki, kama vile aliyevua pweza kutakiwa avuke ua akiwa ameshikana mikono na wenziwe watatu, na aliyevua taa kulala kifudifudi akijikokota mkekani.

Mchezo wa pili ulikuwa ni mashindano ya vyombo. Kumbi la nazi likipasuliwa huelea lenyewe. Ukilichoma kijiti katikati na kukitia tanga la kitambaa chakavu, umepata jahazi, na beseni pana la kufulia ni bahari tosha. Upepo ulitoka katika vipepeo vya kuwashia mkaa, na sharti lilikuwa mtu asikiguse chombo chake kwa mkono. Hapo ndipo nilipowaona watoto wakijifunza, pasina kufundishwa na mtu, kwamba upepo wa nguvu usiolenga tanga hukipindua chombo, na kwamba tanga kubwa kupita kiasi ni balaa juu ya kumbi dogo. Wakakimbia kukata matanga mapya, na yule aliyeshinda mara ya kwanza akashindwa mara ya pili.

Michezo yetu ya zamani nayo huitika upesi ukiiita kwa jina jipya. Rede, ambayo mabinti wengi wa Tanzania wameicheza, ina warushaji wawili wa mpira wa soksi na mmoja wa katikati anayeukwepa huku akijaza chupa mchanga; ukiugeuza mchanga kuwa maji, na chupa kuwa ndoo, na ukasema kuwa chombo kimetoboka na yule wa katikati ni baharia anayefua maji ngamani ilhali mawimbi yanampiga kulia na kushoto, rede hiyo hiyo imekuwa mchezo wa bahari bila ya kuongezewa hata senti moja. Kombolela yafaa kwa karamu ya msitu, wanaojificha wakiwa swala na mtafutaji akiwa simba. Kwa karamu ya anga kuna kishada cha gazeti na njiti za chelewa, ambacho kila mgeni atajitengenezea chake. Gololi, mdako na kamba nazo zipo, na mzazi mwenye fikira atajua la kuzifanya.

Walakini ikiwa nitaambiwa nichague mchezo mmoja tu, ghairi ya yote niliyoyataja, nitachagua kutafuta hazina kwa vitendawili. Hapa lugha yetu imetuachia akiba ambayo hatuitumii. Kila kitendawili kiandikwe juu ya karatasi, na jibu lake liwe ni mahali pa kuiendea karatasi ifuatayo. Anayesoma kuwa nyumba yake haina mlango, akajibu yai, atakimbilia kikapu cha mayai. Huko atakuta kuku ametagia miibani, naye atatafuta nanasi. Chini ya nanasi atakuta Mzungu ametoka Ulaya na mkono kiunoni, na nyumba nzima itafutwe kikombe. Watoto wa mjini ambao hawakupata kutegewa kitendawili na bibi zao hubabaika mara ya kwanza, na hapo ndipo wazee waliokaa vibarazani hupata kazi na heshima yao, kwa kuwa watoto huwakimbilia kuomba auni: "Babu, babu, kuku gani huyu?" Katika karamu za kukodi mzee huwekewa kiti na soda, akasahauliwa. Katika mchezo huu yeye ndiye mwenye ufunguo, na sijaona mapambo yaliyoweza kulifanya jambo hilo.

Najua watakaonipinga. Wapo watakaosema hawana wakati, na hao wananitia huzuni kuliko wote, kwa sababu jioni moja au mbili za kukata maboksi pamoja na mtoto ni nusu ya karamu yenyewe, na pengine ni nusu iliyo bora. Wapo watakaouliza watu watasema nini. Watu watasema, na israfu haijapata kuwafumba vinywa. Aliyekodi jumba la upepo mwaka huu huulizwa mwaka ujao kwa nini halikuwa kubwa zaidi. Na wapo waungwana ambao kwa sababu za dini hawaioni siku ya kuzaliwa kuwa ni siku ya kuadhimishwa. Hao nawaheshimu, na wala sina haja ya kuwavuta katika desturi wasiyoitaka. Michezo hii haina sharti la keki wala mishumaa, na yafaa vile vile siku ya pili ya Idi, au siku mtoto anapohitimu Kurani, au katika likizo ndefu. Lamu, ambayo Maulidi yake yanajulikana pwani nzima, huyaadhimisha kwa kasida na dua, na pembezoni mwa ibada huwapo mbio za punda na mashindano ya vyombo, kila kitu kikitoka katika maisha ya mji wenyewe.

Yako ya kuhadhari. Aliyefungwa macho apewe mwiko na atambae, asipewe fimbo na kusimama. Sumaku iwe kubwa, ya kujaza kiganja cha mtoto, kwa kuwa vile vipande vidogo vyenye nguvu vikimezwa ni hatari kubwa tumboni. Na komwe, gololi na vipande vya maputo yaliyopasuka viwe mbali na wale ambao bado hutia kila kitu kinywani. Beseni la maji lisiachwe bila mtu mzima karibu, hata maji yakiwa ya kina cha kiganja.

Juu ya zawadi, ushauri wangu ni kuwa pasiwe na zawadi kubwa ya mshindi mmoja. Mtoto wa miaka sita aliyeshindwa mbele ya wenziwe hulibeba jambo hilo mpaka kwao, na mzazi wake hulibeba mpaka karamu ifuatayo, wakaanza kushindana wazee. Kashata, au ubuyu uliofungwa katika karatasi, wapewe wote sawasawa, na kila mmoja achukue chombo chake cha kumbi. Michezo minne yatosha kwa alasiri moja: kwanza ile ya mbio, wangali na nguvu, kisha uvuvi na vyombo, na mwisho vitendawili, ambavyo huwaleta wote jikoni. Keki ikatwe baada ya hapo wala si kabla, kwa maana mtoto aliyekwisha kushiba keki hana haja tena ya kumtafuta kuku aliyetagia miibani.